Mwili Ukigoma, Kazi Iendeje?

Ushauri wa uandishi unaozunguka huku na huko umetolewa na watu wenye afya zao. Andika kila siku. Amka alfajiri kabla watoto hawajaamka. Usinyanyuke kitini mpaka utimize maneno elfu moja. Ni maneno mazuri kwa aliyejaliwa mwili wa kuyafuata. Wewe unayeishi na baridi yabisi, selimundu, lupusi, maradhi ya figo au mengine ambayo daktari hakukutajia siku ya kupona, ukiyafuata utaandika vizuri siku chache, kisha utalala wiki nzima. Ukiamka utajiita mvivu.

Mimi naandika, nahariri na kutafsiri huku nikiwa na baridi yabisi. Ninayokueleza yanatoka huko, na kwa wenzangu wa kazi hii wenye selimundu na lupusi, ambao tukikutana tunaulizana "umeamkaje?" kabla ya habari za kazi, na kila mmoja anataka jibu la kweli. Shabaha ya mwongozo huu ni moja: ipange kazi yako iwe kazi inayokubali kukatizwa. Isimame popote bila kuharibika, na uweze kuirudia hata siku ambayo kichwa ni kizito. Anayepanga kazi akitegemea kwamba kesho ataamka mzima, kesho hiyo itamwaibisha mbele ya mhariri wake.

Uchovu usioisha kwa kulala

Anzia kwa daktari. Uchovu wa kazi ukilala unaisha. Uchovu wa maradhi unalala nao na kuamka nao. Wagonjwa wengi hueleza maumivu, uchovu wakaumeza, ama kwa kudhani ni jambo la kawaida, ama kwa kuogopa kuambiwa wanadeka. Useme. Mwenye baridi yabisi huchoka kwa sababu kinga ya mwili wake inashambulia viungo vyake mwenyewe. Mwenye selimundu huchoka kwa kuwa chembe zake nyekundu za damu hufa mapema, basi damu inakuwa pungufu. Lakini juu ya hayo panaweza pia kuwapo upungufu wa madini ya chuma, hitilafu ya tezi ya shingoni, usingizi unaokatwakatwa na maumivu, sonona, au dawa zenyewe unazomeza. Baadhi ya hayo yana tiba, na ni hasara kubeba mzigo ambao ungeweza kutuliwa.

Nenda na karatasi. Baada ya foleni ya tangu asubuhi utakuwa umesahau nusu ya ulichotaka kusema. Andika mambo ambayo huwezi kuyafanya, kwa sababu "nachoka sana" kila mtu anasema. "Nikifua asubuhi, mchana siwezi kushika kalamu" ni kauli ambayo daktari anaweza kuifanyia kazi.

Wapo pia wenye maradhi ya uchovu sugu, ambao mwili unawalipiza siku moja au mbili baada ya jitihada. Leo umeandika vizuri na kutembea kidogo jioni, keshokutwa huwezi kuinua kichwa. Kama ndivyo ulivyo, asikudanganye mtu kwamba dawa yake ni kujikaza. Kujikaza ndiko kunakokuangusha.

Nguvu za mgonjwa ni kama umeme wa luku, ule wa kulipia kabla, ila mita yake haionyeshi uniti zilizobaki. Kwa hiyo unahitaji daftari. Kwa majuma machache andika kila jioni ulichofanya siku hiyo na ulivyoamka. Usilinganishe kazi ya leo na hali ya leo. Linganisha kazi ya leo na hali ya kesho yake na keshokutwa. Baada ya muda utaona mambo ambayo usingeyadhania. Pengine kinachokuchosha si kuandika, bali ni kusimama kwenye daladala kwenda ofisini kupeleka maandishi ambayo yangetumwa kwa simu. Pengine mazungumzo ya simu ya nusu saa na ndugu mwenye maneno mengi yanakula asubuhi yako yote.

Mwili una kalenda yake, nawe uisome. Viungo vya mwenye baridi yabisi hukakamaa asubuhi, mara nyingi kwa saa nzima au zaidi. Mimi saa moja asubuhi siwezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji, na vidole havizungushi kalamu. Ikifika saa nne, mkono huohuo unaandika. Ningekuwa na ratiba ya "alfajiri kabla watoto hawajaamka" ningekuwa nimeshaacha kazi hii. Baadhi ya dawa zetu humezwa mara moja tu kwa wiki (na hakikisha ni mara moja kweli, maana kuzimeza kila siku kunaweza kuua), na wengi huamka wamelegea siku inayofuata. Basi chagua pamoja na daktari siku ya kumeza ambayo kesho yake huna kazi ya kukabidhi. Mwenye selimundu anajua baridi, kiu na kujichosha vinaweza kumletea maumivu makali: asiandike chini ya kiyoyozi bila sweta, na chupa ya maji iwe mezani kabla ya kompyuta. Mwenye lupusi ajiepushe na jua, hata lile linaloingia dirishani penye mwanga mzuri wa kuandikia. Siku ya kliniki ihesabu kuwa imekwenda yote. Foleni, vipimo, dirisha la dawa na safari ya kurudi haviachi saa ya kuandika, na ukiipangia kazi utarudi nyumbani na deni.

Kazi si moja

Tunasema "naandika" kana kwamba ni kitendo kimoja. Kuandika rasimu ya kwanza kunataka kichwa kilicho wazi. Kupunguza maneno kunataka kichwa cha wastani. Kutafuta picha, kupanga majina ya mafaili, kuandika ankara, kuulizia malipo yaliyochelewa, kuchapa yaliyoandikwa kwa mkono: hayo yanafanyika hata ukiwa umeegemea mito. Weka orodha tatu za kazi, kwa kichwa kizuri, cha wastani na kizito. Ukiamka, jiulize una kichwa gani, kisha chukua orodha yake. Siku mbaya haitakuwa siku ya bure, nayo siku nzuri haitaliwa na ankara.

Saa zako nzuri zilinde dhidi ya simu. Kundi la WhatsApp la waandishi linaweza kungoja mpaka mchana, na ninalisema hili nikijua wanakundi wenzangu watalisoma.

Kisha acha kabla hujaisha. Hili ni gumu kuliko yote, hasa siku ambayo sentensi zinakuja zenyewe. Flannery O'Connor alirudi kuishi shambani na mama yake huko Georgia, Marekani, baada ya kupatwa na lupusi, ugonjwa uliokuwa umemuua baba yake. Aliandika asubuhi kwa muda wa saa mbili au tatu, akaacha. Saa zilizobaki zilikuwa za kupumzika, barua, wageni na tausi aliowafuga. Alifariki mwaka 1964 akiwa na miaka 39, ameacha riwaya mbili na hadithi fupi ambazo vyuo vinazifundisha mpaka leo. Hakuandika muda mrefu, aliandika muda uleule kila alipoweza, na huo ndio utaratibu unaotufaa sisi.

Unapoacha, acha ujumbe. Hiki ndicho kifaa changu nikipendacho, na hakigharimu kitu. Kabla ya kufunga faili, andika mistari miwili au mitatu kwa mtu atakayerudi hapo akiwa amechoka na amesahau. Mathalani: "Mama Sada ameshaingia dukani, barua hajaiona. Aya inayofuata anaikuta chini ya mzani. Mvua ilianza ukurasa wa 4, isikatike. Jina la karani bado, usilitafute sasa." Usiandike "endelea hapa," haina maana yoyote baada ya wiki mbili za kulala. Eleza tukio linalofuata, jambo ambalo hujaamua, na jambo ambalo hupaswi kulihangaikia. Siku nyingine utarudi na kukuta umejiandikia sentensi nzima ya kuanzia, utaichukua na kwenda nayo.

Kwa kazi ndefu, gawa vipande vinavyosimama vyenyewe. Sura ya kurasa nane inayoweza kusomwa peke yake ni bora kuliko sura ya kurasa arobaini ambayo ili uiendeleze ni lazima uisome yote upya. Mtafsiri na aweke jedwali la istilahi tangu ukurasa wa kwanza, maana baada ya kulazwa hatakumbuka kama aliamua "mkurugenzi" au "meneja".

Chagua ukubwa wa kazi

Mwingereza Susanna Clarke alitoa mwaka 2004 riwaya nene, Jonathan Strange & Mr Norrell, yenye kurasa zaidi ya 700. Muda mfupi baadaye akaugua, na uchovu sugu ukamweka kitandani miaka mingi. Mwendelezo wa riwaya ile ulitaka wahusika wengi na utafiti mwingi, mambo ambayo mwili wake haukuyaweza. Akarudia wazo lake la zamani lililo dogo, lenye watu wachache na mahali pamoja. Riwaya hiyo, Piranesi, haifiki kurasa 300. Ilitoka mwaka 2020 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Women's Prize for Fiction.

Kupunguza ukubwa hakukupunguza kazi. Jiulize swali hili: ni umbo gani ninaloweza kulibeba lote kichwani siku ya wastani? Huenda ni hadithi fupi, au mfululizo wa makala, au riwaya ya nyumba moja. Mshairi mwenzangu mwenye selimundu anatunga akiwa amelala, ubeti mzima kichwani, mizani na vina vikimsaidia kuukumbuka mpaka apate wa kumwandikia. Kwa mwili uliolala, utenzi ni rafiki kuliko riwaya.

Njia ya kukusanya habari nayo inaweza kubadilika. Laura Hillenbrand, Mmarekani aliyeugua uchovu sugu tangu mwaka 1987 akiwa mwanafunzi wa chuo, aliandika Unbroken, kitabu kilichotoka mwaka 2010 kuhusu mwanariadha na mwanajeshi Louis Zamperini. Alimhoji kwa simu, miaka na miaka. Mwandishi wa habari wa kwetu huambiwa kwamba usipofika "eneo la tukio" hujaandika kitu. Kwa moto wa soko, sawa. Kwa simulizi ya maisha ya mzee aliyeko Tanga nawe uko Mbeya, simu na ujumbe wa sauti vinatosha, na mara nyingi mzee atasema mengi zaidi akiwa kitini pake bila mgeni wa kumpikia.

Kuhusu vifaa nitapita haraka. Simu yako ina kinasa sauti, kitumie. Kuandika kwa kuongea kwa Kiswahili kupo kwenye kibodi ya Google tangu mwaka 2017, nako hupumzisha vidole, ingawa nukta na mikato mara nyingi utaiweka mwenyewe, na majina ya watu yatakuchekesha. Kalamu nene, au nyembamba iliyozungushiwa kitambaa, haiumizi viungo kama ile ya kawaida. Mto chini ya viwiko. Na kila faili liwe na nakala kwenye barua pepe, kisha mtu mmoja unayemwamini ajue namna ya kulifikia, ili ukilazwa ghafla kazi iliyokwisha isikwame ndani ya kompyuta iliyofungwa.

Mhariri, tarehe na fedha

Umwambie mhariri kwamba unaumwa? Maoni yangu ni kwamba jina la ugonjwa ni lako, athari zake kwa kazi ni zenu wote wawili. Unaweza kusema mwanzoni kabisa: "Nina tatizo la afya la muda mrefu. Kwa kawaida halizuii kazi, ila siwezi kupokea kazi ya kesho asubuhi." Inatosha. Mhariri mwenye akili atashukuru kujua mapema. Asiyeshukuru, afadhali umjue kabla ya kusaini mkataba.

Tarehe uitaje wewe kwanza. Kadiria muda unaohitaji ukiwa na hali ya wastani, ongeza nusu yake, kisha ndipo useme. Ukimaliza mapema kaa nayo siku mbili, uisome tena, ndipo uitume. Usijivunie kasi kwa mhariri mgeni. Atakuzoea nayo, na siku ukishindwa itaonekana umemkosea.

Ukiona huwezi, sema siku ile unapoona, usingoje siku ya kukabidhi. Ujumbe uwe mfupi na uwe na njia ya kutokea: "Habari za kazi, dada. Makala ya Ijumaa imefika nusu. Wiki hii afya imenibana, sitaiwahi. Naomba mpaka Jumatano. Kama ukurasa hauwezi kungoja, nusu iliyopo inasimama yenyewe kwa maneno 600, nakutumia leo jioni." Hakuna maelezo ya dawa wala samahani tano. Umempa machaguo mawili naye anachagua. Unaona pia faida ya vipande vinavyosimama vyenyewe.

Kwa safu ya kila wiki, weka akiba ya makala ambazo hazichachi: maelezo ya desturi, mapitio ya kitabu cha zamani, kumbukumbu ya mtaa. Ziandike kwenye wiki nzuri, uzifungie, uzitoe wakati wa kulala. Kwa kitabu, omba malipo kwa awamu: kiasi mwanzo, kiasi nusu ya kazi, kiasi mwisho. Ukilazwa katikati, utakuwa umelipwa ulichokwisha kufanya. Na kubali kulipwa kwa kazi, usikubali kulipwa kwa saa, kwa sababu saa zetu hazifanani na za wengine.

Mwandishi wa kujitegemea hana mwajiri wa kumkatia bima. Kenya, mamlaka ya afya ya jamii (SHA) imechukua nafasi ya mfuko wa bima wa NHIF tangu Oktoba 2024, na asiye na mwajiri hujisajili na kuchangia mwenyewe. Tanzania, Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Popote ulipo, kabla ya kulipia kifurushi chochote nenda na majina ya dawa zako uulize moja moja kama zimo. Bima inayolipia kulazwa lakini hailipii kidonge cha kila mwezi haijakusaidia sana. Malipo ya kazi yakiingia, dawa za mwezi zinunuliwe siku hiyohiyo, kabla ya bando.

"Si yuko nyumbani tu"

Kwa ndugu wengi, anayeandika nyumbani hana kazi, na mgonjwa asiye na bandeji hana ugonjwa. Ukiwa na vyote viwili utatumwa benki, utaachiwa watoto, utapangwa kwenye kamati ya harusi. Usiwaelezee elimu ya maradhi yote. Waambie saa. "Saa nne mpaka saa sita nipo kazini, mlango ukifungwa nipo ofisini." Tafuta mtu mmoja nyumbani, mama, shangazi, mume au mke, akubebee maneno hayo kwa wengine. Neno likisemwa na shangazi, halibishiwi.

Misiba na sherehe zinataka busara zaidi, maana huwezi kukaa pembeni ya watu halafu ukategemea watu. Chagua unachokiweza na ukifanye mapema, kionekane. Kama kukesha kutakulaza, tuma rambirambi siku ya kwanza, piga simu, kisha nenda siku ya tatu ukae na wafiwa wakati umati umepungua. Mara nyingi ndipo wanapohitaji mtu. Kwenye vikao vya harusi toa mchango na jitolee kuandika kadi. Kazi ya kalamu unaiweza ukiwa kitandani, na hakuna atakayesema hukushiriki.

Watakuja na dawa pia. Jirani ana mzizi, shemeji ana mafuta, kuna video ya mtu aliyepona kwa juisi. Pokea, shukuru, weka pembeni, na usichanganye chochote na dawa zako kabla ya kumuuliza daktari. Kwa Waislamu, Ramadhani ikikaribia uliza mapema kuhusu vidonge na maji, hasa wewe wa selimundu. Mgonjwa ana ruhusa, na kuitumia si upungufu wa imani.

Ugonjwa ukipanda

Utapanda, hata ukifanya yote haya. Siku hizo usiandike. Tuma ule ujumbe mfupi, mwachie mtu simu, lala. Ukiweza kusikiliza, sikiliza redio au usomewe. Likija wazo, lirekodi kwa maneno mawili usilifuate.

Kurudi kuna utaratibu wake. Siku ya kwanza soma tu ulichoacha, pamoja na ujumbe uliojiachia, na ufunge. Siku ya pili gusa orodha ya kichwa kizito, rekebisha nukta, panga mafaili. Siku ya tatu andika aya moja, hata kama zinakuja tatu. Kaa na nusu ya kazi yako ya kawaida mpaka daftari lionyeshe kwamba asubuhi zinafanana. Na tarehe mpya mpe mhariri siku ile ya tatu, usimpe ya kwanza, kwa sababu siku ya kwanza ya nafuu kila mgonjwa hudhani amepona.